Goti Lisiloruka na Goti Linaloruka Mno: Kutafuta Hitilafu za Refleksi

Fundi umeme akiitwa kwa sababu taa imezima, haanzi kwa kubomoa ukuta. Anaangalia balbu, kisha swichi, kisha fyuzi, na ukuta ndio wa mwisho. Mwili nao una nyaya zake, na malalamiko yanayotufikia sisi tunaoshika nyundo ya goti ni yaleyale kila wiki: mguu hauruki, mguu unaruka wenyewe, mtoto anashtukashtuka, kwikwi imekataa kuisha, nimeona damu nikaanguka. Mengi hayana neno. Machache hayasubiri kesho.

Tuanze na waya wenyewe. Ukigongwa kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti, msuli mkubwa wa paja unavutika kidogo. Ndani ya msuli huo mna vipokezi vinavyopima mvuto, navyo hupeleka habari kwa neva ya hisia hadi kwenye ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaopita ndani ya pingili za uti wa mgongo. Hapo habari inakabidhiwa neva ya mwendo bila ubongo kuulizwa, na neva hiyo inauamuru msuli uleule ujikunje. Mguu unarushwa mbele. Mwitiko huo usiosubiri amri ya ubongo ndio unaoitwa refleksi. Yote hayo yamekwisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita. Ubongo unapata taarifa baadaye, kama mwenye nyumba anayeambiwa kuwa mgeni alikuja na ameshaondoka.

Lakini mwenye nyumba huyo hakulala. Kutoka kwenye ubongo hushuka neva zinazoishikia refleksi breki, ili pigo dogo lisirushe mguu hadi dirishani. Ndiyo sababu hitilafu ni za namna mbili tu. Mzunguko ukikatika mahali popote, panakuwa kimya. Breki ikikatika, mruko unazidi. Na kwa namna zote mbili, kipimo ni kulinganisha kulia na kushoto, leo na jana. Wapo watu wenye magoti mazito tangu kuzaliwa na wapo wenye magoti mepesi, wote wazima. Goti moja likitofautiana na mwenzake, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

"Nimegonga, goti halijaruka"

Mtuhumiwa wa kwanza ni mgongaji. Nilipokuwa mwanafunzi niligonga magoti ya mzee mmoja mara saba, nikaandika kwenye faili kwamba refleksi hazipo, miguu yote miwili. Mwalimu wangu akaja, akamwambia, "Shikamoo baba. Hebu nieleze, mwaka huu shambani umepanda nini?" Mzee alipokuwa katikati ya habari za mbaazi, nyundo ikashuka na mguu ukaruka. Mimi nilikuwa nagonga mfupa, na mzee alikuwa amekaza paja akiisubiri nyundo yangu kama anayesubiri kofi.

Kwa hiyo kabla ya kuogopa, rudia hivi. Kaa ukingoni mwa meza, miguu ining'inie, nyayo zisiguse sakafu. Anayegonga apapase chini ya pia ya goti: juu kuna mfupa mgumu, chini kuna mfupa mgumu, katikati pana bonde linalobonyea kidogo. Hapo ndipo kano ilipo. Kama hakuna nyundo, ukingo wa kiganja unatosha, pigo jepesi la kuachia, si la kusukuma. Tazama paja kuliko kisigino, kwa sababu wakati mwingine msuli unajikunja na mguu usisogee, na hiyo tayari ni refleksi. Ikishindikana, mwenye goti aunganishe vidole vya mikono miwili kama ndoano na kuvuta kwa nguvu wakati uleule wa pigo. Ujanja huo aliueleza daktari wa Hungaria, Ernő Jendrassik, mwaka 1885, na hadi leo unaamsha magoti yaliyodhaniwa kuwa yamekufa.

Wapo wazima ambao hata hivyo hawaruki sawasawa. Kama pande zote ziko sawa, nguvu ipo, hakuna ganzi, na hali imekuwa hivyo siku zote, funga faili uendelee na maisha.

Ikiwa zamani liliruka na sasa haliruki, anza na sukari. Kisukari ndicho chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi, na kina tabia ya kuumiza neva ndefu kwanza. Kwa sababu hiyo kano ya kisigino hunyamaza kabla ya goti, na vidole vya miguu hufa ganzi kabla ya vya mikono. (Kisigino cha mzee wa miaka 80 kinaweza kunyamaza bila ugonjwa wowote, hilo nalo lijulikane.) Baada ya sukari, uliza juu ya pombe, na upungufu wa vitamini B12, hasa kwa mtu aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi. Uliza pia juu ya dawa za kifua kikuu, maana isoniazidi bila vitamini B6 hula neva polepole. Tezi ya shingo ikifanya kazi kwa uvivu, refleksi haipotei. Kisigino kinaitika, ila mguu unarudi taratibu kama mlango wenye springi iliyochoka. Ukishauona mara moja hutausahau.

Upande mmoja tu ukinyamaza ni habari nyingine. Kisigino kimoja kimya, pamoja na maumivu yanayoshuka kutoka kalioni hadi kidole kidogo cha mguu, mara nyingi ni diski ya kiunoni, ule mto ulio kati ya pingili, inayobana mzizi wa neva. Na kwa mtoto, uliza kama alichomwa sindano ya makalio siku hizohizo. Sindano iliyokosea mahali hugonga neva kubwa ya mguu, na mtoto huanza kuburuta unyayo. Nimewaona wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na karibu wote walikuwa na homa ambayo kidonge kingeitosha.

Acha kupima nyumbani, nenda hospitali leo hii, kama udhaifu umeanzia miguuni na unapanda kwa saa au siku, magoti yakinyamaza nyuma yake. Mara nyingi mgonjwa atakwambia wiki chache nyuma aliharisha au alikuwa na mafua. Ni kinga ya mwili iliyogeuka kuzishambulia neva, na hatari yake haiko miguuni; iko kifuani, misuli ya kupumua inapofikiwa. Nenda pia kama mkojo umeziba au unatoka bila taarifa na sehemu ya kukalia, pale panapogusa tandiko la baiskeli, imekufa ganzi. Hapo saa chache zinaamua kama mtu atarudi kujizuia mkojo au hatarudi.

Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla anatolewa taarifa hata kama unadhani unajua sababu. Ndivyo polio inavyofuatiliwa: sampuli mbili za choo, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Mzazi akiambiwa alete kinyesi wakati tatizo liko mguuni huona anachezewa. Hachezewi. Virusi vya polio hukaa kwenye utumbo, na njia ya kuvikamata ni hiyo.

"Goti linaruka kupita kiasi, mguu unatetemeka wenyewe"

Wengi wenye lalamiko hili wana hofu, au wamekunywa kahawa tangu alfajiri, au wametoka kutafuna miraa. Miguu yote miwili inaruka sawa, nguvu ipo, hatua ni ya kawaida. Lala, acha vichangamsho siku mbili tatu, pima tena.

Kama mapigo ya moyo yanakimbia hata ukiwa umekaa, mwili unakonda ingawa unakula, na vidole vinatetemeka ukinyoosha mikono, pima tezi ya shingo. Kama mtu anatumia dawa za sonona kisha akaongezewa tramadoli, dawa ya maumivu, na sasa ana jasho, homa, kuhara na kuchanganyikiwa huku miguu ikirukaruka, mpeleke hospitali pamoja na pakiti zote za dawa, hata zile za dukani alizoona haya kuzitaja.

Sasa tuje kwenye breki iliyokatika. Dalili zake ni tatu, na moja inatosha kukutoa nyumbani. Kwanza, upande mmoja unaruka kuliko mwingine. Pili, ukiusukuma unyayo juu kwa ghafla na kuushikilia, kisigino kinaanza kucheza juu chini bila kukoma, kama mguu wa fundi cherehani mwenye kazi ya sikukuu. Tatu, ukikwaruza wayo taratibu kwa ncha butu, kutoka kisigino kwenda juu kwa upande wa nje, kidole gumba kinainuka badala ya kujikunja. Dalili hii ya tatu Joseph Babinski aliieleza mjini Paris mwaka 1896, na tangu hapo imeokoa watu wengi kwa gharama ya ncha ya ufunguo. Kwa mtoto ambaye bado hajatembea, kidole kuinuka ni kawaida. Nyaya za breki bado hazijakomaa.

Nani anakata breki? Kiharusi kinaongoza, ila jihadhari: saa za mwanzo kiharusi kinaweza kuuacha mguu mlegevu na goti kimya, na mruko ukaja baada ya siku au wiki. Usitumie nyundo kukana kiharusi. Mdomo ukipinda, mkono ukidondoka, maneno yakigongana, weka nyundo chini, tafuta gari. Kinachofuata ni ugwe kubanwa. Kwa mzee ni mifupa ya shingo iliyochakaa: mikono inashindwa kufunga vifungo, miguu inakuwa mikavu kama magongo. Kwa kijana mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, homa za jioni na kukonda, fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Upungufu wa B12 huleta fumbo ninalolipenda: unaweza kukuta goti likiruka mno na kisigino kimya kabisa, kwa sababu breki na mzunguko vimeharibika kwa pamoja.

Kuna chanzo kimoja ambacho vitabu vya Ulaya hukipitia haraka, na huku kwetu hakipitwi. Konzo. Jina limetoka kwa Wayaka wa kusini-magharibi mwa Kongo, na daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu analala mzima, au anatoka safari ndefu, miguu yote miwili inakakamaa ghafla, magoti yanaruka kupindukia, na anabaki akitembea kwa ncha za vidole, magoti yakipishana kama mkasi. Haiongezeki siku kwa siku, wala haiponi. Wilayani Tarime, kaskazini mwa Tanzania, wagonjwa wengi walitokea kwa mkupuo mwaka 1985, mwaka wa ukame. Ukame ndio ufunguo: muhogo mchungu ndio uliobaki shambani, njaa ikafupisha siku za kuuloweka na kuukausha, sianidi ikabaki kwenye unga, na sahani haikuwa na maharage wala dagaa wa kuusaidia mwili kuitoa sumu. Kijijini wakitokea wawili watatu wenye miguu mikavu baada ya msimu wa njaa, kabla ya kumtafuta aliyeroga, uliza muhogo uliloweka siku ngapi. Kisha toa taarifa kwenye kituo cha afya, maana walio kwenye jiko hilohilo ndio wanaofuata.

"Mjamzito anagongwa magoti kila mara, kwa nini?"

Ndugu wa mgonjwa huniuliza hili wodini, wengine kwa hasira, wakidhani wanafunzi wanajifunzia. Mimba ikipita wiki 20 na presha ikafika 140/90 au zaidi, huku protini ikionekana kwenye mkojo, kifafa cha mimba kinaweza kuwa njiani. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona maluweluwe, maumivu chini ya chembe ya moyo, na magoti yanayoruka mno ni mlango unaobishwa. Hakuna la kujaribu nyumbani. Hakuna kusubiri kliniki ya Jumatatu.

Akifika hospitali, atapewa magnesiamu salfeti. Dawa hiyo huzuia degedege, na ikizidi mwilini hunyamazisha misuli kwa utaratibu: goti hunyamaza kwanza, pumzi baadaye. Kwa hiyo kabla ya kila dozi mkunga hugonga goti, huhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na huangalia mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, kwa sababu dawa hiyo hutolewa mwilini na figo. Goti likinyamaza, dozi haitolewi, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga, inakuwa karibu. Kipimo cha kugonga goti hakihitaji umeme wala maabara. Kama dada yako yuko wodini kwa hali hiyo na saa zimepita hakuna aliyemgonga goti kabla ya dozi, uliza kwa adabu. Unayo haki.

"Aliyepooza ameanza kuchezesha miguu!"

Hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Kijana ameanguka kutoka juu ya mnazi, au bodaboda imemrusha, ugwe wa mgongo umeumia. Wiki za kwanza miguu ni kitambaa: hakuna refleksi hata moja, kwa sababu ugwe ulio chini ya jeraha umepigwa na mshtuko. Kisha siku moja mama anamfunua shuka na mguu unaruka. Nyumba nzima inapiga vigelegele, na mimi ninaingia mlangoni nikiwa nimebeba maneno nisiyotaka kuyasema.

Mruko ule si lazima uwe kupona. Mzunguko wa chini umeamka, ila breki kutoka juu bado imekatika. Namna ya kutofautisha ni rahisi na inahitaji uaminifu. Usimguse. Mwambie asogeze kidole gumba cha mguu wa kulia mara tatu, apumzike, kisha wa kushoto. Kikisogea kwa amri, mara tatu na si mara kumi, na kikaacha alipotaka kiache, amri ya ubongo imepita, na hapo vigelegele ni halali. Kikiruka ukigusa tu, au kikaendelea bila ridhaa yake, ni refleksi. Fanya mtihani huo mbele ya mhudumu wa tiba ya viungo, si mbele ya jamaa kumi wenye simu za kurekodi.

Mirukoruko hiyo ina faida moja: ni kengele. Mtu aliyekuwa na miruko ya kawaida kisha ghafla ikazidi ana jambo linalomuumiza mahali asipohisi. Tafuta kwa mpangilio huu. Mkojo kwanza: kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umekunjwa, au kuna maambukizi. Choo kigumu cha pili. Halafu ngozi: mgeuze, tazama kiunoni, makalioni, visiginoni kama pana kidonda kinachoanza. Mwisho vitu vidogo, ukucha ulioingia nyamani, mkunjo wa shuka, kiatu kinachobana. Mara nyingi ukikiondoa chanzo miruko inashuka yenyewe, bila kuongeza dawa.

Kama jeraha liko kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake, mambo hayohayo yanaweza kuleta dharura ya kweli. Kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu au jasho linamtoka juu ya jeraha, nywele zinasimama, presha inapanda kwa kasi. Mkalishe wima mara moja, usimlaze. Legeza nguo na mikanda, nyoosha mpira wa mkojo au badilisha ulioziba. Presha ya watu hawa kwa kawaida iko chini, kwa hiyo presha ya juu ya 140, ambayo kwa mtu mwingine mara nyingi si dharura, kwao inaweza kuwa hatari. Dakika chache zikipita bila nafuu, hospitali, na ukifika uwaambie wazi jeraha liko pingili ya ngapi.

"Mtoto mchanga anashtukashtuka"

Mlango ukigongwa, au kichwa kikilegea kidogo nyuma ukiwa umembeba, mtoto mchanga hufungua mikono kama anayedondoka, kisha huikusanya kifuani na kulia. Ni refleksi inayobeba jina la daktari Ernst Moro, aliyeieleza mwaka 1918, nayo hupungua na kwisha kati ya miezi 4 na 6. Mtoto anayeshtuka hivyo ana nyaya nzima. Usimfunge kamba ya hirizi kwa sababu hiyo peke yake.

Swali la mama huwa ni moja: ni kushtuka au degedege? Ushike kwa upole mkono unaotetemeka na kuukunja. Ukitulia ndani ya kiganja chako, huenda ana njaa, baridi au usingizi, mnyonyeshe, mfunike. Sukari yake ikishuka anaweza kutetemeka hivihivi, kwa hiyo akiwa mzito wa kuamka au anakataa ziwa usiishie kumfunika. Mkono ukiendelea kupiga ndani ya kiganja, au macho yakavutwa upande mmoja, au mdomo ukatafuna bila kitu, hiyo si refleksi. Nenda. Vivyo hivyo mtoto wa miezi michache anayejikunja ghafla mara nyingi mfululizo kila anapoamka, kama anayesujudu: wazazi huona anaumwa tumbo, na wiki zinapotea. Mrekodi kwa simu, mpeleke na video hiyo.

Mkono mmoja tu usipofunguka, fikiria namna alivyozaliwa. Mtoto mkubwa aliyekwama mabega anaweza kuvutika neva za shingoni, au kuvunjika mtulinga. Mfupa huo huunga wenyewe upesi. Neva huchukua miezi, na mazoezi ya kiungo huelekezwa na mtaalamu. Usiuvute mkono huo ili kuuzoesha.

Na kuna moja isiyosubiri hata kupanga nauli. Mtoto alinyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 taya linakaza, hanyonyi, na kila akiguswa au mlango ukigonga mwili wote unakakamaa kama upinde. Ni pepopunda. Sumu ya kidudu kilichoingia kwa kitovu imezima breki za ndani ya ugwe wenyewe, kwa hiyo kila mguso unakuwa kelele. Mfunike mwanga, punguza makelele, usimlazimishe kumeza, kimbia. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kisipakwe kinyesi cha ng'ombe wala majivu, na mama achanjwe akiwa mjamzito. Kinga hiyo ni tiba kubwa kuliko tuliyo nayo hospitalini.

"Nimeungua na sikuhisi"

Mkono huondoka kwenye sufuria ya moto kabla hujajua kuwa unaungua. Usipoondoka, neva ya hisia imekatika. Kisukari tena kinatangulia, kisha pombe na zile dawa nilizozitaja. Halafu ukoma, ambao bado upo, unatibika, na dawa zake hutolewa bure: tafuta baka kwenye ngozi lililopoteza hisia, ukiligusa kwa uzi wa pamba na macho yamefungwa. Hadi upimwe, maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na miguu ikaguliwe kila jioni kwa kioo.

"Kwikwi imekataa kuisha"

Kiwambo cha chini ya mapafu kinajikunja ghafla, na mara hiyohiyo mlango wa koo la hewa unafungwa. Huo ndio mlio. Kula haraka, soda, pombe na chakula cha moto sana huongoza. Kunywa maji taratibu, zuia pumzi, meza sukari kidogo. Kumtisha mtu husaidia mara chache na huleta ugomvi. Kipande cha uzi uliolowa mate kwenye paji la uso la mtoto hakidhuru, na kwikwi ya mtoto mchanga huisha hata bila uzi.

Ikipita saa 48, tafuta chanzo: kiungulia, dawa kama deksamethasoni, figo zilizochoka. Ikiambatana na kizunguzungu, kupaliwa na ganzi ya uso, inaweza kuwa kiharusi cha nyuma ya ubongo. Usipige hesabu ya saa. Rekodi ya dunia anayo Mmarekani Charles Osborne, aliyekuwa na kwikwi tangu 1922 hadi 1990. Alioa, akazaa watoto, akaendelea nayo.

"Nikiona damu naanguka"

Refleksi hii hushusha mapigo ya moyo na presha kwa pamoja, na ubongo unakosa damu kwa muda. Si woga wa tabia. Nimemwona mchinjaji wa ng'ombe akianguka kwa sindano. Ukihisi jasho la baridi na masikio kuvuma, lala chini, inua miguu. Kama unajua inakuja, kaza mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, legeza kidogo, rudia mara tano. Mwambie anayekuchoma akuchome umelala. Aliyeanguka wakati anakimbia, au akiwa na maumivu ya kifua, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kabla ya kuambiwa ni sindano.

"Mboni moja kubwa, nyingine ndogo"

Karibu mtu mmoja kati ya watano ana tofauti ndogo ya mboni na ni mzima. Tafuta picha yake ya zamani ulinganishe. Baada ya kichwa kugongwa, mboni iliyopanuka isiyojikunja kwa mwanga wa tochi huku mtu anasinzia ni damu inayobana ubongo. Mboni zote mbili ndogo kama ncha ya pini, mate yanamtoka, na ametoka kupuliza dawa shambani: mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize na chupa ya dawa hiyo.

"Nashtuka nikianza kusinzia, kama naanguka shimoni"

Hiyo iache. Misuli inajikunja mara moja wakati ubongo unapokabidhi zamu kwa usingizi, zaidi kwa aliyechoka au aliyekunywa kahawa jioni. Anayepigwa teke ni mwenzako wa kitandani, na dawa yake ni kuhamia upande wa ukutani.